Osta Bahgat na Paka Aliyeshonewa Ndani ya Kochi

Mwaka umetimia, Baba, tangu Jumanne ile ulipoomba chai asubuhi, chai ikaja, ikapoa mbele yako. Bado hatujazoea. Mama anatoa vikombe vitano kabatini, halafu anakirudisha kimoja kimya kimya, na sisi tunajifanya hatujaona.

Familia imeniachia mimi, Safinaz, niandike tangazo hili kwa sababu, wanasema, mdomo ninao. Kaka Ezzat alitaka liwe fupi, lenye picha yako ya suti na majina yetu chini. Nimemwambia picha aichague yeye, maneno aniachie mimi. Nina jambo langu na wewe, na nataka Dumyati nzima ilisome.

Ulikuwa fundi makochi, osta kama tunavyowaita hapa mafundi wakuu. Katika mji huu, ambao kila mlango una mtu anayechonga, anayepaka dhahabu au anayeshona, jina lako lilitosha. Mnunuzi akiambiwa kiti kimetoka mkononi mwa Osta Bahgat, aliacha kukibonyezabonyeza, akaanza kuuliza kitafika lini nyumbani kwake.

Ulikuwa mpole mpaka ulitukera. Ulizungumza na misumari midogo mdomoni, imepangwa upande wa kushoto, na wote nyumbani tulijifunza kuielewa lugha hiyo. Jibini yako ya asubuhi uliigawa mara tatu, kipande kimoja chako na viwili vya paka. Mama akikukumbusha kwamba daktari amesema ule, ulijibu kuwa umeshakula, huku Basha analamba masharubu chini ya meza.

Basha na Kishta! Hatuwezi kukukumbuka wewe tukawaacha wao.

Kwa wenzetu sebule ya wageni hufungwa kwa ufunguo. Makochi ya dhahabu hufunikwa mashuka, watoto hufukuzwa mlangoni, na mwenye nyumba mwenyewe hushinda jikoni mwaka mzima. Kwetu sebule ilikuwa wazi na paka ndio walioitawala. Mama alitandika mashuka, wewe ukayafunua. Alikuwa akilalamika kwamba nyumba hii ni ya ajabu, mgeni anakalia stuli na paka anakalia mahameli. Nawe ulimjibu kuwa mgeni atakaa kwa adabu hata kama kiti kinamchoma, lakini paka hana adabu, kwa hiyo ndiye wa kumwamini.

Basha, yule wa rangi ya chungwa mwenye jicho moja, ulimfanya mkaguzi. Kiti kikikamilika ulimweka juu yake, ukavuta stuli, ukakaa na glasi yako ya chai ya mnanaa kumtazama. Akijikunja akalala, kiti kimepita. Akizunguka mara tatu akashuka, ulituamuru tufumue. Ezzat alinuna, akasema tumekuwa watumwa wa paka. Lakini tulifumua, na mara nyingi kweli tulikuta springi imelegea au sponji imekaa upande.

Kishta, mweupe kama jina lake la malai, hakuwa na kazi yoyote. Yeye alichagua kochi refu kuliko yote, akalala chali, miguu hewani, kama bi harusi aliyechoshwa na wageni. Ulimpita kwa kunyata. Mtu mzima, mwenye kisukari na goti bovu, ananyata sebuleni kwake asimwamshe paka.

Sasa niseme lile tulilolificha. Miaka mitatu kabla hujatutoka, mikono yako ilianza kutetemeka. Kwanza ilikuwa kikombe, kisha sindano. Siku moja ulishona mgongo wa kiti ukaufumua mara nne, halafu ukaniita. Nilikuwa nimekaa kando yako tangu nikiwa na miaka tisa, kwanza nikikupa misumari, baadaye nikishona mito na kanda za mapambo. Siku hiyo uliniwekea mkononi sindano iliyopinda, ukafunga mlango.

Tangu hapo kazi zote za mwisho zilifanyika nyumbani, sebuleni, kati ya paka na vikombe. Ulimwambia Haji Metwali kwamba karakana imejaa macho ya watu na wewe unaogopa kijicho. Alikuelewa, kwa sababu kijicho kila mtu anakijua. Haji Metwali ndiye mwenye duka la fanicha lililochukua karibu kila tulichotengeneza, na alikiuza kwa maneno mawili tu: mkono wa Bahgat. Kama angejua kuwa mkono ule umekufa, na kwamba anayeshona ni binti, tena sebuleni, tungekosa mkate. Nyumba nzima iliishi juu ya siri hiyo. Hata Wagida, mke wa Ezzat, aliapishwa wiki aliyoolewa.

Kisha ikaja ile seti ya harusi ya Ramzi, mtoto wa Haji Metwali mwenyewe. Makochi mawili na viti vinne, mahameli ya kijani, dhahabu mpaka kwenye kucha za miguu. Wiki tatu yalikaa sebuleni kwetu. Basha aliyapitisha yote, akalala kwenye kila kimoja mpaka Mama akawa anapita na mkanda wa gundi akitoa manyoya.

Ulikuwa na sheria moja, Baba, na uliirudia mpaka tukaichoka. Kabla hujafunga mgongo wa kochi, ingiza mkono ndani mpaka begani, uzungushe pembe zote. Ulipokuwa kijana uliwahi kusahau mkasi ndani ya kiti cha kadhi, ukamchoma. Tangu hapo hukufunga kitu bila kuingiza mkono, na mimi pia sikufunga, isipokuwa siku moja.

Alhamisi ile gari la kubebea lilifika mapema. Ndugu wa bwana harusi walikuwa chini wanapiga honi, ngoma imeshaanza, watoto wanarukaruka barabarani, na mimi bado nina mgongo mmoja wazi. Nilikwenda jikoni kuzima moto chini ya sufuria, nikarudi, nikafunga. Nilishona mbio mbio, Mama anahesabu dakika mlangoni. Kochi likateremshwa, vigelegele vikapigwa, magari yakaondoka yakizunguka mji kwa honi ili kila mtu aone.

Jioni watoto wa Kishta walianza kulia. Walikuwa wanne, wa siku kumi na moja, ndani ya boksi la vipande vya mahameli chini ya cherehani. Tulisema mama yao atakuja. Asubuhi ya Ijumaa walikuwa bado wanalia, sauti zimekonda. Wagida aliwapa maziwa kwa pamba wakayatema. Tulitafuta darini, kwenye ngazi, kwa muuza nyama. Ezzat alizunguka mtaa mzima akiita jina la paka, na wewe unajua Ezzat alivyo na aibu.

Ulikuwa umekaa kwenye ukingo wa kiti chako. Halafu uliniangalia.

"Safinaz. Uliingiza mkono?"

Niliangalia mkono wangu. Mama alishika kichwa.

Ezzat ndiye aliyesema yale ambayo wote tulikuwa tunayafikiri. Alisema, na simlaumu, kwamba tusiende. Leo Ijumaa baada ya sala koo zote mbili zitakuwa pale kuangalia nyumba ya maharusi. Tukilifungua kochi mbele yao, Haji ataaibika kwa wakwe zake. Mbaya zaidi, watakutaka wewe ulifungue, kwa sababu wewe ndiye Osta, na watauona mkono. Paka ni paka, alisema, na sisi tuko watano. Mimi nilinyamaza, Baba. Nakiri leo, nilinyamaza kwa sababu nilitaka Ezzat ashinde.

Uliinuka ukavaa kanzu yako ya Ijumaa. Uliniambia nichukue mfuko wa vifaa nikusubiri nje ya msikiti.

Nyumba ya maharusi ilikuwa ghorofa ya nne. Goti lilikuuma, ulipumzika kwenye kila kituo cha ngazi, nami nikaomba goti likatae kabisa. Mlango ulikuwa wazi. Wanawake wa pande zote mbili walikuwa wamejaa sebuleni, wamesimama, kwa sababu hakuna anayekalia makochi kabla ya harusi. Plastiki ilikuwa bado juu ya viti. Haji Metwali alikuwa pembeni na baba wa bi harusi, anamwonyesha uchongaji wa miguu.

Ulitoa salamu ukasema bila kuzunguka. Paka wetu amefungiwa ndani ya kochi lile kubwa tangu jana mchana, ana watoto wanaonyonya, na umekuja kumtoa. Watu walicheka. Walidhani ni utani wa Osta. Wa kwanza kuacha kucheka alikuwa Hajati Inshirahi, mama wa bwana harusi, akakuambia usiwaletee nuksi ndani ya nyumba mpya.

Uliomba wanyamaze. Ulipiga magoti ukaweka sikio mgongoni mwa kochi. Watu kama ishirini walitega masikio, na hakukusikika kitu. Ulisogeza sikio kushoto, kulia, chini karibu na sakafu. Bado kimya. Nilikaza mpini wa mfuko, nikimwomba Kishta moyoni alie hata mara moja tu.

Haji Metwali alikushika bega. Alinong'ona, lakini nilikuwa karibu, nikasikia yote.

"Humo hamna paka, Bahgat. Na kama yumo, ameshakufa, tutamtoa baada ya harusi. Ukikata kitambaa hiki mbele ya wakwe zangu, dukani kwangu usirudi."

Ulinyoosha mkono kwangu ukaomba koleo. Nilikupa. Sote wawili tulijua kitakachotokea. Ulilisogeza kwenye ukingo, mkono ukaanza, ukaushika kwa mkono wa pili, na wa pili nao ukatetemeka. Koleo liliteleza likakwaruza dhahabu, mstari mrefu kama kidole. Mwanamke mmoja alisema maskini, mzee wa watu. Ulijaribu tena. Haji hakuwa anaangalia mkwaruzo. Alikuwa anaangalia mikono yako, na niliona usoni mwake anaelewa.

Uligeuka, ukiwa bado magotini.

"Safinaz, njoo. Wewe ndiye uliyefunga, ufungue wewe."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilidhani unanitupia kosa mbele za watu, wewe ambaye hujawahi kunigombeza hata faraghani. Ndipo ulipoinua uso ukamtazama Haji Metwali.

"Mikono hii haijashona kiti miaka mitatu. Vyote ulivyouza kwa jina langu kavishona binti yangu. Mpisheni afanye kazi."

Walinipisha. Nilipita katikati yao, nikapiga magoti pale ulipokuwa, nikakata uzi wa kwanza. Ulikuwa mshono wangu mwenyewe, wa haraka, na niliuonea aibu. Nilifungua kiasi cha kupita bega, nikaingiza mkono. Chuma, kamba, gunia, mbao. Nikazungusha pembe ya kulia, hakuna. Pembe ya kushoto, chini kabisa, nikagusa manyoya. Hayakusogea.

Nilimvuta kwa ngozi ya shingo. Alitoka mrefu, amelegea, amelowa mkojo wake mwenyewe, mdomo wazi. Hajati Inshirahi alifunika pua. Nilimlaza sakafuni na sikujua la kufanya, nikabaki nimempa mgongo kila mtu.

Bi harusi ndiye aliyekuja. Msichana mdogo wa umbo, hata jina lake sikulijua siku hiyo. Alichukua kisahani cha seti yake mpya ya kahawa, akatia maji, akachovya kidole akampaka Kishta mdomoni. Alichovya tena. Mara ya tatu ulimi ukatoka ukalamba kidole. Nililia kwa sauti kama mtoto, mimi niliyejiapiza kutolia mbele ya watu wale.

Ulimfunga Kishta kwenye skafu yako ukamweka kifuani. Kisha uliniambia nilifunge kochi. Pale pale, wote wanaangalia. Nilitoa gunia lililochafuka, nikaweka jipya, nikaingiza mkono mpaka begani na kuzungusha pembe zote nne, polepole, ili uone. Nikashona. Ulisimama nyuma yangu hukusema kitu, si kaza, si legeza. Nilipomaliza, Haji Metwali alikuja akapitisha kidole kwenye mshono, akaenda nao, akarudi nao, akitafuta mahali lilipofunguliwa. Hakupaona. Alifuta kidole kwenye kanzu yake akatoka bila kutuaga, nasi tukamrudisha Kishta kwa watoto wake.

Gari la duka lake, ambalo lilikuja kila Jumapili kuchukua kazi, halikuja Jumapili ile, wala nyingine. Wiki ya nne Ezzat alikwenda kuuliza, akarudi na jibu kwamba duka limepata fundi mwingine. Mtaani walianza kukuita Bahgat wa Paka. Mama aliuza cherehani ya pili. Na mimi, Baba, siku hiyo cherehani ilipotolewa mlangoni, nilikuja sebuleni nikakusimamia kichwani. Ulikuwa umekaa na Basha mapajani.

Nilikuambia umetuuza kwa ajili ya paka. Nilikuambia ungetaka kuniheshimu ungeniambia chumbani, si kunianika mbele ya wanawake wa mjini. Nilisema mengi, lakini hilo la kutuuza nililisema mara mbili.

Ulinisikiliza mpaka mwisho. Ukasema si kwa ajili ya paka. Ukasema ulikuwa umekula jasho langu kwa jina lako miaka mitatu, kila siku unatafuta pa kulisemea jambo hilo, na kila siku unaona aibu. Siku ile hukuwa tena na pa kujificha, ukashukuru. Sauti yako ilikuwa ya kawaida kabisa, kama unayeomba uzi. Nilibamiza mlango.

Tangu hapo tulizungumza mambo ya chumvi, dawa na bawaba. Hukunisumbua. Mara moja uliniambia kiti cha jirani nilichokishona kimekaa vizuri, nami nikajibu "sawa" bila kugeuka. Nilikuwa nasubiri hasira ziishe, nikidhani siku zipo. Wiki ya tisa ikafika Jumanne ile ya chai.

Kuna habari huna, ngoja nikupe. Siku ya arobaini yako mtu alibisha hodi. Ezzat alifungua, akamkuta yule bi harusi, anaitwa Nesma, na mama yake, na nyuma yao vijana wawili wamebeba kochi la zamani. Ezzat aliwaambia Osta amefariki. Nesma alisema anajua, ameshakuombea dua, na aliyemfuata si marehemu. Anamtaka yule Osta aliyefunga kochi lake, kwa sababu tangu aolewe, kila mgeni anayeingia anatafuta palipofunguliwa na hajapata mtu wa kupaona.

Baada yake wamekuja wengine. Si wengi kama wa duka, na Haji Metwali hajarudi, wala mimi sijamfuata. Wanaokuja wanapanda ngazi wenyewe, wanapita sebuleni, wanasimama wakisubiri Basha awapishe, hawapishi, wanakaa kwenye stuli. Wanaulizia kwa jina langu. Mara ya kwanza mwanamume mwenye mvi aliponiita Osta, niligeuka nyuma kuangalia kama umeingia.

Basi sikia, Baba, na watu wasikie. Wewe ulinitaja mbele za watu wakati kunitaja kulikugharimu kila ulichokuwa nacho. Mimi nilikutukana faraghani, na sikukuomba radhi hata faraghani. Maneno yale nayafuta leo, kwa jina langu, hapa ambapo mji mzima unasoma. Hukutuuza. Nisamehe.

Wanaokukumbuka ni mkeo Tafida. Mwanao Ezzat na mkewe Wagida. Dada yako, shangazi yetu Nagiya wa Ras el-Bar. Na binti yako Safinaz, fundi makochi.

Hukusahauliwa mwaka huu, Baba, na hutasahauliwa miaka yetu yote.